Mashine Isiyo na Feni

Jumanne saa tatu asubuhi Urbano aliweka televisheni yake juu ya meza ya duka la Donatienne, mtaa wa Magarama, mjini Gitega, akaanza kufungua blanketi. Ilikuwa televisheni ya chogo, ile ya zamani yenye mgongo mrefu, inchi kumi na nne, rangi ya majivu, yenye ufa mdogo ubavuni. Alikuwa ameipakata kwenye basi tangu Muyinga, na kabla ya hapo ilikuwa imefungwa nyuma ya baiskeli tangu Giteranyi. Magoti yake yalikuwa hayajasahau.

Donatienne aliitazama, akaweka chini kikombe cha chai. Alikuwa mama wa Kikongo, wa upande wa Bukavu, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Duka lake lilijaa kompyuta zilizokwisha kutumika kwenye ofisi za Ulaya.

"Papa," alisema, "mi niko nauzisha ordinateri. Musée ya bitu bya zamani iko kule mbele."

"Siiuzi. Nimekuja nayo tuijaribu. Nataka kompyuta ya kuunganisha na hii."

"Na hii? Juu ya nini usichukue flat? Niko nazo mbili pale."

"Hii ndiyo aliyoizoea."

"Sawa. Ordinateri ya kufanya nini?"

"Ya kukaa sebuleni. Ya filamu, ya nyimbo, na michezo ile ya zamani, ya kwenye mabanda ya video."

"Ni ya batoto?"

"Ni ya mke wangu."

"Basi mama akuje achague yeye mwenyewe. Bamama banajua kuchagua."

"Alikufa."

Donatienne alivaa miwani. "Alikufa mwaka gani?" aliuliza, kama mtu anayeuliza namba ya kiatu.

"Mwaka wa malori yaliyoturudisha kutoka Tanzania. Miaka tisa sasa."

"Anakuja kila siku ao dimanche tu, siku ya misa?"

"Kila siku, jioni."

"Na anakaa?"

"Hakai. Ndiyo maana nimekuja."

Donatienne alikwenda mwisho wa meza, akachukua kompyuta moja yenye kioo kipana cha kugusa kwa vidole, akairudisha kwenye boksi lake. "Hii tuitoe," alisema. "Ya kugusa haibasikii. Vidole vyao viko baridi."

Mke huyo, Kasilda, alikuwa ameanza kuja kiangazi kilichopita, wiki ileile Urbano alipomaliza kujenga sebule. Alikuwa anafika kwenye saa kumi na mbili kasoro, kwa njia ya miguu inayotoka mpakani, pamoja na wanawake wanaorudi na maharage kutoka upande wa Tanzania. Penye njia panda wale wanawake wanampungia mkono, naye anakata kushoto kuelekea nyumbani. Anavaa sweta la kijani alilozikwa nalo. Anaingia, anakaa kwenye kiti cha mbao, anauliza habari za Jeska, binti yao aliyeolewa Muyinga mjini, anauliza habari za mbuzi. Kisha anautazama ukuta, ambao haukuwa na kitu, na baada ya muda anasema:

"Nyumba ni nzuri, baba Jeska. Ila sina la kufanya humu."

Anaondoka kabla giza halijakamilika, maana kaburi lake liko ng'ambo ya mpaka, kwenye uwanja wa kambi ya zamani ya wakimbizi, ambako siku hizi watu wanachunga ng'ombe.

Urbano hakumlaumu. Kasilda aliingia kambini akiwa na miaka minne na hakutoka tena, na jioni aliyoijua yeye ilikuwa ni banda la video la Hamissi. Saa kumi na mbili filamu ya Kihindi yenye mtu anayetafsiri juu ya sauti. Baada ya filamu, mashine ya michezo. Mchezo ulikuwa mmoja, wa pikipiki nyekundu inayoruka matuta na matope. Mtu wa kambini alikuwa haruhusiwi kutoka zaidi ya kilomita nne. Wakubwa walikuwa wamechora mstari, na ukikamatwa nje ya mstari unalala ndani. Pikipiki ile ilikuwa inaenda upande wa kulia, inaenda tu, na hakuna aliyeitoa barabarani kuiuliza kibali.

Sheria ya banda ilikuwa hivi: anayeanguka anainuka, anampisha mwingine. Kasilda alikuwa hainuki. Urbano alisimama nyuma ya benchi lake wiki tatu akingoja zamu yake, zamu haikufika, akaona bora amchumbie.

Basi sasa alikuwa anataka kitu kimoja tu. Kasilda alale kwenye nyumba hii. Kambini walilala kwenye miti iliyofungwa kwa kamba, chini ya turubai lenye maandishi ya watu wa msaada. Hapa alikuwa ametengenezesha kitanda cha mbao za mkaratusi, chenye godoro zima, na mlango unaofungwa kwa ndani. Alikiagiza kwa vipimo vya watu wawili, wakati tayari alikuwa mmoja, na fundi hakuuliza.

"Tuanzie na hii," alisema Donatienne.

Alikuwa anajua kazi yake. Kaka yake Parfait, aliyekufa kwenye vita vya kwao, alikuwa anakuja dukani kila Jumapili kukaa nyuma ya pazia na kulalamika kwamba bei ziko juu, na kwa sababu yake alikuwa amejifunza vitu ambavyo wauzaji wengine wa Magarama hawakuvijua.

Ya kwanza ilikuwa kompyuta kubwa ya kusimama, ya chuma, yenye nguvu. Aliiwasha. Feni ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga mahindi.

"Ina nguvu," alisema Urbano.

"Ina nguvu, ndiyo. Lakini sikiliza hii feni. Inabapeperusha. Parfait alikaa karibu na hii siku moja, nikamukuta kwenye dari."

Wakaiacha. Ya pili ilikuwa ya kubeba, ya kufunua kama kitabu. Urbano aliikataa mwenyewe: kitu kinachofungwa na kubebwa, alisema, kitakwenda Muyinga na Jeska Jumapili ya kwanza. Ya tatu ilikuwa kiboksi kidogo kuliko kipande cha sabuni, kipya, cha kuchomeka nyuma ya televisheni.

"Ya bijana hii," alisema Donatienne. "Filamu bien. Nyimbo bien. Lakini inataka internet kila saa, na michezo ya zamani inaikimbiza mbio sana. Pikipiki itaanguka mbele ya mama kuiona."

"Huko kwetu internet haifiki. Waliahidi nguzo. Walikuja wakapima, wakala kuku, wakaondoka."

"Bote bakubwa bako vile."

Ya nne aliitoa chini ya meza, akaifuta vumbi kwa kanga. Ilikuwa nyeusi, ya unene wa kitabu cha nyimbo za kanisani, na huko ilikotoka ilikuwa imefungwa kwa skrubu nyuma ya skrini ya karani wa bima. Haikuwa na feni. Aliiwasha, na Urbano akafumba macho na kuinamisha kichwa ili asikie. Alisikia pikipiki za barabarani, mtu anayeuza avokado, maji yanayomiminwa kwenye ndoo nyumba ya pili. Mashine hakuisikia.

"Imewaka?"

"Tangu kitambo."

"Na mchezo?"

"Nimekutilia programu. Hii ordinateri inajifanya iko ile mashine ya zamani. Inaifuata yote, ata makosa yake."

"Kwenye mlima wa tatu picha ilikuwa inaruka."

"Itaruka," alisema Donatienne.

Televisheni ya chogo haikuwa na tundu la kuingiza waya wa kompyuta ya siku hizi, ilikuwa na matundu matatu tu, la njano, jeupe na jekundu, kwa hiyo alitafuta kiboksi cha kugeuza, akakiweka katikati. Picha ikatokea, ikatetemeka, ikatulia. Donatienne akaitazama kwa muda.

"Ile flat, mi nilitaka nikuuzishie tu," alisema. "Kwenye flat picha inachelewa kidogo. Mi na we hatuone. Lakini ule amesha kuchelewa tayari. Ukiongeza ingine juu yake, atakuwa anaanguka kila mara. Hii chogo yako njo yenyewe."

Ilibaki ya kushika mkononi, ya kuendeshea mchezo. Urbano alichagua moja isiyo na waya, iliyong'aa. Donatienne akamnyang'anya.

"Ile ni ya bazima. Mutu wa vile, signal inapita ndani yake inaenda. Anabonyeza, pikipiki inakaa tu. Kamata ya waya." Akamtolea ya kijivu, yenye waya mrefu na vitufe vilivyolegea. "Waya unamushikilia kidogo, pia."

Walielewana bei. Urbano akaifunga televisheni kwenye blanketi, mashine akaivalisha sweta lake akaiweka kifuani, akarudi Muyinga siku hiyohiyo.

Kesho yake Kasilda alifika saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Aliuliza habari za Jeska, akauliza habari za mbuzi, akatazama ukuta. Televisheni ilikuwa juu ya kabati dogo, imewashwa kwa betri ya gari na paneli iliyo juu ya bati. Pikipiki nyekundu ilikuwa imesimama mwanzo wa barabara, inatetemeka mahali pamoja kama ilivyokuwa inatetemeka kwa Hamissi.

Alichukua kile kidude cha kijivu, akakizungusha mkononi, akaupitisha waya juu ya goti lake. Akaanza. Alianguka kwenye tuta la pili.

"Vidole vimekakamaa," alisema.

"Ni miaka tisa."

"Usinihesabie. Kaa chini, unaniziba mwanga."

Alianguka mara nyingine nne. Mara ya sita alipita matuta, akapita matope, na kwenye mlima wa tatu picha ikaruka, naye akacheka kidogo kwa puani kama alivyokuwa anacheka zamani, bila kufungua mdomo. Urbano alikuwa ameshika sahani ya maharage na ndizi. Aliendelea kuishika mpaka ikapoa.

"Na filamu zipo?"

"Zipo. Za Kihindi, na yule mtu anatafsiri."

"Mwongo yule. Alikuwa anatunga."

"Bado anatunga."

Saa mbili Kasilda aliweka kile cha kijivu chini, akanyoosha miguu. Akasema, kama mtu anayesema kesho atachimba mihogo, "Leo nitalala."

Alilala upande wa ukutani. Hakupumua, lakini godoro lilibonyea. Asubuhi alikuwa ameondoka, na shuka lilikuwa limekunjwa pembe kwa pembe, namna ya kambini, ambako kila kitu kilikunjwa kama vile lori liko nje.

Akalala siku ya pili, na ya tatu, na ya nne.

Siku ya tano Urbano alianza kuwa na wasiwasi kwamba hajaandikwa. Kila nyumba ina kaye yake, daftari la kuandika nani analala humo, wenyeji na wageni, na shefu wa kilima, yaani mkuu wa kijiji, anapita kukagua. Wakubwa wanataka kujua mtu amelala wapi kuliko wanavyotaka kujua amelala na njaa gani. Jirani yake Kastori, ambaye vita vyote vilimkuta hapohapo Giteranyi na hakuwahi kuvuka mpaka hata kwa harusi, alimkuta ameishika ile kaye mlangoni.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Kwa shefu Kasiano. Nimwandikishe Kasilda."

"Wewe Urbano. Nani amekuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi kaa. Mtu amekuja, analala, hali chakula cha mtu, hachoti maji ya mtu. Utamwandikisha ya nini?"

"Lazima aandikwe. Asiyeandikwa hapati."

"Hapati nini? Amekwisha kufa."

Kambini, mtoto akizaliwa usiku, baba yake alikuwa anakimbia kumwandikisha kabla hajamwona uso. Mwenzako akikosa kwenye karatasi, hana unga, hana sabuni, hayupo. Urbano alikuwa ameishi hivyo miaka ishirini na mbili, na miguu yake ilikuwa imekwisha kugeuka kuelekea kwa shefu.

"Nyinyi wa Tanzania," alisema Kastori, "mnapenda liste ya majina kuliko chakula."

"Chakula kilikuwa kinapitia kwenye liste."

Kasiano, shefu wa kilima, alipoambiwa alikuja mwenyewe jioni ileile, na kalamu mbili. Alikuwa mtu wa taratibu, hana ubaya wa kwake mwenyewe. Ubaya aliokuwa nao alikuwa amekabidhiwa na walio juu yake. Alikaa kwenye kigoda, akaifungua kaye juu ya goti.

"Mama, karibu sana. Jina?"

"Kasilda." Hakugeuza macho. Pikipiki ilikuwa hewani.

"Umetoka wapi?"

"Kambini."

"Kambi ilifungwa."

"Mimi sikutolewa."

Kasiano aliandika. "Ulikufa kwa ugonjwa gani?"

"Malaria. Ile ya kawaida, ya vidonge. Walifunga dispensari siku kumi na tisa kabla ya malori, ili watu wapate hamu ya kurudi. Meza ya daktari ilipakiwa kabla ya wagonjwa. Baba Jeska alinibeba mgongoni mpaka mlangoni, tukakuta kufuli."

"Kufuli jipya," alisema Urbano.

Kasiano aliipitia mistari ya ukurasa kwa ncha ya kalamu, kutoka juu mpaka chini. Hapakuwa na nafasi ya jambo hilo.

"Sababu ya kuja?"

"Kucheza."

Akaandika: Kucheza. Kisha akabaki na kalamu mkononi, anatazama televisheni. "Atapita pale?" alimuuliza Urbano kwa sauti ya chini.

"Subiri."

Alisubiri. Kasilda alipita. Kasiano akatikisa kichwa kwa heshima, akafunga kaye, akaichukua kwenda nayo kwenye komini, ofisi iliyo juu yake, maana mgeni wa kutoka nje ya nchi lazima apitie huko.

Alirudi siku ya tatu. Safari hii hakukaa.

"Kuna tatizo kidogo," alisema. "Mama amekwisha kuandikwa."

"Na nani?"

Alisoma kwenye karatasi. Kasilda, mke wa Urbano, alirudi nchini mwaka ule kwa lori la mwisho, akiwa mzima, akapelekwa Ryansoro, mkoa wa Gitega. Alipokea mabati thelathini, majembe mawili, sufuria, unga wa miezi mitatu, na kiwanja. Aliweka dole gumba.

"Tarehe gani?" aliuliza Kasilda.

Kasiano akaitaja.

"Nilikuwa na siku sita chini ya udongo."

"Inawezekana," alisema Kasiano. "Lakini imeandikwa." Alikunja karatasi. "Mtu mmoja hawezi kulala kwenye kaye mbili. Mama analala Ryansoro. Kuja kutembea anaruhusiwa, kama mgeni mwingine, mpaka saa moja na nusu. Mimi sikuitunga sheria hii, mzee Urbano. Na sikukuomba uniite."

Urbano alisimama. Alikuwa na maneno mengi, aliyaweka miaka tisa, lakini Kasilda alikuwa tayari amekwisha kuweka kile cha kijivu juu ya kiti na anaukunja waya.

"Unakwenda kweli?"

"Nimeandikwa," alisema Kasilda. "Sisi ukiandikwa mahali, unalala mahali. Sina nguvu ya kubishana na karatasi, baba Jeska. Hata nilipokuwa mzima sikuwa nayo."

Kutoka Giteranyi mpaka Ryansoro gari linachukua sehemu kubwa ya siku. Kasilda alichukua saa moja na nusu, kwa sababu wafu hawasimamishwi kwenye vizuizi.

Wiki iliyofuata Urbano alikwenda Ryansoro. Alipita Magarama, akamsimulia Donatienne, naye akampa kipande cha sambusa na kumwambia kwamba kwao Kongo angalau wangeomba kitu kidogo ili wamfute mtu, lakini hapa watu ni wa kufuata sheria, na hiyo ni mbaya zaidi. Kutoka hapo akapanda baiskeli ya teksi.

Kiwanja cha Kasilda kilikuwa kando ya barabara, mahali pazuri. Nyumba ilikuwa na mabati thelathini, aliyahesabu. Ilikuwa ya shemeji wa mkubwa mmoja, ambaye alikuwa haishi hapo, alikuwa anaitumia kama stoo ya mbolea. Mlinzi aliitwa Saidi. Alikuwa anapika viazi kwenye jiko mbele ya mlango.

"Unamtafuta mama Kasilda?" alisema Saidi. "Hayupo mchana. Anafika usiku kwenye saa tatu, anasalimu, anaingia. Mtu mzuri, hana makuu. Zamani kitanda kilikuwa kitupu, tulikiweka tu kwa sababu ya wakaguzi. Sasa angalau kina mtu."

Alimruhusu kuingia. Kitanda kilikuwa kwenye kona, kati ya magunia, cha chuma, chembamba, cha mtu mmoja. Shuka lilikuwa limekunjwa pembe kwa pembe. Urbano alikaa ukingoni. Harufu ya mbolea ilikuwa kali kiasi kwamba hakuweza kupata harufu nyingine yoyote chini yake, ingawa alijaribu, aliinama mpaka paji la uso likagusa blanketi. Akakaa hivyo mpaka viazi vya Saidi vikaiva.

Kwenye ofisi ya komini ya Ryansoro alimkuta karani mwanamke, Ursula, mwenye sauti ya upole na mafua. Alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifanya. Kisha akamwonyesha dole gumba kwenye karatasi. Lilikuwa kubwa, la mwanamume, lenye kovu katikati.

"Hili si lake," alisema Urbano.

"Naona," alisema Ursula.

"Basi mfute."

"Nikimfuta, walioshuka kwenye lori hawatalingana na waliopanda. Watauliza. Na nani nitamuuliza mimi? Projet ya kurudisha watu iliisha, wenye nayo wamerudi kwao."

"Andika alikufa."

"Ili nimwandike amekufa, lazima afie hapa. Aliyerudi mzima hawezi kuwa alifia kule kabla hajaondoka. Mzee wangu, angalia mwenyewe, tarehe hazikubali." Alipenga kamasi. "Lakini hali yake si mbaya. Mwezi uliopita tulipita kuhesabu. Tulimwandika ana afya."

Urbano aliuliza kama yeye mwenyewe anaweza kuandikwa Ryansoro, kwenye nyumba ileile, kati ya magunia. Ursula alitafuta jina lake. Alikuwa na shamba Giteranyi, kwa hiyo haikuwezekana.

Akarudi nyumbani.

Tangu hapo jioni ziliendelea. Kasilda anafika na wanawake wa maharage, anauliza habari za Jeska, anauliza habari za mbuzi, anacheza. Alikwisha kuvuka mlima wa sita, ambao kwa Hamissi hakuna aliyewahi kuuona, na nyuma ya mlima wa sita kulikuwa na barabara ndefu isiyo na tuta hata moja, wala nyumba, wala mtu. Alikuwa anaiendesha kimya. Wakati mwingine wanaangalia filamu, lakini nusu tu. Zile filamu zina saa tatu, na hawakuwahi kujua mwisho wa hata moja. Kastori alikuwa anaingia kutazama, naye hakusema "nilikuambia," isipokuwa mara mbili.

Saa moja na dakika ishirini na tano Kasilda anaukunja waya.

Sasa, kwa watu wa huko mgeni akiondoka husindikizwa. Humwachi atoke peke yake kama aliyefukuzwa. Unavaa viatu, unatoka naye, unakwenda naye kipande cha njia, na kadiri unavyomheshimu ndivyo unavyofika mbali. Mtu wa nyumbani hasindikizwi. Mtu wa nyumbani unamfungia mlango akiwa ndani.

Kwa sababu hiyo Urbano alikuwa hainuki. Wiki nne nzima Kasilda alikuwa anaaga, naye anabaki kwenye kiti chake, anatazama skrini, anajibu "haya" bila kugeuza kichwa, kama mume ambaye mke wake anatoka tu kuangalia kama mbuzi wamefungwa. Majirani waliona ni ukorofi. Kasilda alikuwa anaurudishia mlango mwenyewe.

Wiki ya tano mvua zilianza. Ilinyesha mchana kutwa, ikakata jioni. Saa moja na nusu Kasilda alisimama mlangoni, anaangalia njia. Ilikuwa imegeuka tope jekundu kutoka kizingitini mpaka barabarani, na alikuwa na kandambili zilezile. Alikuwa amechoka, alikuwa anatembea kutoka kaburini, na baada ya hapo anatembea tena mpaka Ryansoro, kila siku ya Mungu, na wafu nao wana magoti.

Urbano alizima televisheni. Akavaa mabuti. Akachukua tochi juu ya kabati.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Kasilda.

"Nakusindikiza."

Kasilda alimtazama. Mashine ilikuwa bado inawaka na haikusikika.

"Basi njoo," alisema.

Walitembea. Urbano alimulika mbele ya miguu yake, palipo na mawe, na penye utelezi alimshika kiwiko. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Walipita kwa Kastori, wakapita kwa Kasiano, aliyekuwa mlangoni na akawasalimu. Walifika njia panda, ambapo wengi wanaagana na wageni wao. Urbano hakusimama. Walipita shule, wakapita vibanda vya soko, wakafika daraja la mbao linalomaliza kilima, na hapo ndipo mwisho, hata kwa mgeni mkubwa.

"Rudi sasa," alisema Kasilda. "Umenifikisha mbali. Ahsante."

Hivyo ndivyo wageni wanavyosema. Urbano akajibu kama wenye nyumba wanavyojibu.

"Haya, mama," alisema. "Wasalimie wa kwako."